Jacob Hamblin, mpatanishi wa nchi kavu

Ukiitazama ramani ya jimbo la Arizona kule Marekani, upande wa kaskazini karibu na mpaka wa Utah, utaona jina Jacob Lake, yaani Ziwa la Jacob. Msomaji aliyezoea Naivasha au Victoria huenda akaanza kuwaza samaki na mitumbwi. Basi na ajue mapema kwamba ziwa hasa hakuna. Pana kidimbwi kidogo tu katikati ya misonobari, mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Lakini kidimbwi hicho si cha kudharauliwa. Pande zote za mlima ule ni jangwa la mawe mekundu ambako mtu na farasi wake waliweza kufa kiu wakiliangalia bonde la mto usiofikika, maana mto wenyewe wa Colorado umejichimbia chini kabisa kwenye korongo la Grand Canyon. Enzi hizo aliyejua maji yako wapi ndiye aliyejua njia. Na mzungu aliyeyajua kuliko wenzake wote alikuwa huyo Jacob.

Jina lake kamili ni Jacob Hamblin. Alizaliwa mwaka 1819 katika jimbo la Ohio, mtoto wa mkulima, na mwaka 1842 akiwa Wisconsin alijiunga na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Hao ndio Wamormoni, wale ambao vijana wao wa shati jeupe na tai huonekana wakitembea wawili wawili katika mitaa ya Nairobi, na ambao hekalu lao la kwanza nchini Kenya lilizinduliwa jijini humo mwezi wa Mei 2025. Dini yao ilianzishwa mwaka 1830 na Joseph Smith, ambaye aliuawa na kundi la watu wenye ghadhabu mwaka 1844. Miaka mitatu baadaye, mrithi wake Brigham Young aliwaongoza wafuasi kuelekea magharibi mpaka kwenye bonde la ziwa la chumvi, ambako walijenga mji wa Salt Lake City.

Mke wa kwanza wa Jacob, Lucinda, hakutaka kusikia habari za safari hiyo. Waliachana mwaka 1849, mume akabaki na watoto wanne. Mwaka huo huo alimwoa Rachel Judd, na mwaka 1850 wakafika Utah. Kwa jumla Hamblin alioa wake wanne katika maisha yake na kupata watoto 24. Kanisa lake liliruhusu ndoa za wake wengi hadi mwaka 1890, ingawa serikali ya Marekani iliwaandama sana waume hao, kama tutakavyoona.

Walipofikia kupiga kambi Tooele, magharibi ya Salt Lake City, wenyeji walikuwa wakiiba mifugo ya walowezi. Hawa ndio wale ambao filamu zilituzoesha kuwaita Wahindi Wekundu, ingawa wenyewe ni makabila mengi yenye majina yao. Wanamgambo walitumwa kuwakomesha, Hamblin akiwa miongoni mwao, na amri ilikuwa kuua. Alisimulia mwenyewe baadaye kwamba alikutana ana kwa ana na mtu mmoja, akaelekeza bunduki, akafyatua, bunduki ikagoma. Wenzake nao bunduki zao ziligoma siku hiyo. Hamblin hakuona kwamba baruti ilikuwa na unyevu. Aliona kwamba Mungu amemsemesha: asimwage damu ya watu hawa, na wao hawatamwaga yake. Aliishika imani hiyo mpaka kufa kwake, na ni jambo la kushangaza kwamba ilimfaa.

Mwaka 1854 kanisa lilimtuma kusini kabisa ya Utah kuishi na kabila la Wapaiute kando ya mto mdogo wa Santa Clara. Joto la huko ni kali, hata walowezi wakajaribu kupanda pamba, ikaota vizuri. Eneo hilo likabandikwa jina la Dixie, kama majimbo ya pamba ya kusini mwa Marekani. (Jina hilo limekuwa na ubishi siku hizi kwa sababu ya harufu yake ya utumwa, chuo kikuu cha mji wa St. George kililiondoa mwaka 2022.) Mafuriko ya Januari 1862 yalizoa ngome yao yote, na mwaka uliofuata Hamblin akajengewa nyumba ya ghorofa moja kwa mawe mekundu, kwenye mwinuko ambao maji yasingefika.

Nyumba hiyo ipo mpaka leo, na mgeni anayezuru St. George huifikia kwa gari kwa dakika chache. Chini pana vyumba viwili, kila kimoja na meko yake, ili kila mke awe na moto wake. Juu pana chumba kimoja kirefu cha kazi, masomo na mikutano. Wapaiute walizoea kuja na kuketi hapo. Hamblin alijifunza lugha yao, akawa mtu wa kusema polepole, asiyefoka, asiyeahidi kitu asichoweza kutoa. Wapaiute walikuwa wamesumbuliwa vibaya na biashara ya utumwa: Wauti na wafanyabiashara wa Kimexico walikuwa wakiwateka watoto wao na kuwauza. Walowezi wa Kimormoni nao walinunua baadhi ya watoto hao, wakidai wanawaokoa, kisha wakawalea na kuwafanyisha kazi chini ya sheria waliyoitunga mwaka 1852. Hamblin naye alinunua. Hapo mwenye kumsifu itabidi ameze mate kwanza.

Kaskazini ya Santa Clara, mwendo usiofika saa moja kwa gari, pana malisho ya Mountain Meadows. Ni mahali pazuri, pa nyasi na upepo mtulivu, na ni mahali ambapo Wamarekani wengi hukaa kimya wakifika. Tarehe 11 Septemba 1857 wanamgambo wa Kimormoni, pamoja na Wapaiute waliowashawishi, waliwaua wasafiri 120 hivi waliokuwa wakitoka Arkansas kwenda California. Waliwatoa kwenye ulinzi wa magari yao ya kukokotwa kwa kuinua bendera nyeupe na kuwaahidi usalama. Walioachwa hai ni watoto wadogo 17 tu, walioonekana hawana umri wa kukumbuka.

Ranchi ya Hamblin ilikuwa karibu na hapo, lakini mwenyewe alikuwa Salt Lake City siku hizo. Watoto wale waliletwa usiku kwenye nyumba yake wakilia, na Rachel ndiye aliyewapokea. Mtoto mmoja, hata mwaka mmoja na nusu hajatimiza, mkono wake ulikuwa umevunjwa na risasi. Hamblin aliporudi alisaidia kuwalea na baadaye kuwakusanya watoto waliokuwa wametawanywa katika nyumba za walowezi, na mwaka 1859 wote 17 walirudishwa kwa jamaa zao Arkansas.

Jambo ambalo mpaka sasa linaleta mjadala ni ukimya wake. John D. Lee, mmoja wa viongozi wa mauaji yale, alimwambia Hamblin yaliyotendeka wiki chache tu baadaye. Hamblin aliwaeleza wakubwa wake wa kanisa. Kisha akanyamaza hadharani kwa miaka 19, huku lawama zikitupiwa Wapaiute, watu wale wale aliowaita marafiki. Alisimama mahakamani mwaka 1876, na ushahidi wake ulichangia kumtia Lee hatiani. Lee alipigwa risasi Machi 1877 papo hapo Mountain Meadows. Wengine walioshiriki hawakuadhibiwa. Mwaka 2007 kanisa lilitoa tamko la majuto kwa mauaji hayo, na tamko hilo liliwataja Wapaiute kwamba walibebeshwa mzigo usiokuwa wao peke yao.

Tuendelee na safari. Mwaka 1858 Brigham Young alimtuma Hamblin ng'ambo ya Colorado kwenda kuwatafuta Wahopi, watu wanaoishi katika vijiji vya mawe juu ya vilima vya vilele bapa. Kijiji chao cha Oraibi kinahesabiwa miongoni mwa makazi ya kale zaidi Marekani ambayo hayajawahi kuachwa. Uvumi ulikuwa umeenea kwamba eti Wahopi ni uzao wa watu wa Wales waliopotea baharini, kwa hivyo msafara ulimchukua mtu mmoja ajuaye Kiwelisi. Walipofika, maskini wa Mungu akajaribu lugha yake. Hakuna aliyeelewa hata neno.

Aliyewavusha mto safari hiyo alikuwa kiongozi wa Kipaiute aitwaye Naraguts. Bila yeye msafara huo usingefika. Walivuka pale mapadri wa Kihispania, Domínguez na Escalante, walipovuka mwaka 1776. Mwaka 1862 Hamblin alirudi kwa Wahopi kwa njia ya magharibi na kurejea kwa njia ya mashariki, hivyo akawa ameizunguka Grand Canyon yote. Hayupo mzungu mwingine anayejulikana kufanya hivyo kabla yake. Si kila safari ilikwenda salama. Katika ile ya 1860 kijana wa miaka 18, George A. Smith Mdogo, aliuawa na Wanavajo, na Hamblin akalazimika kuurudisha msafara nyumbani akimwacha marehemu jangwani.

Ndipo tunapofika kwa Wanavajo. Mwaka 1864 jeshi la Marekani liliwaswaga maelfu yao kwa miguu hadi Bosque Redondo, New Mexico, na kuwaweka huko mpaka 1868. Waliporudi kwao walikuta mifugo imekwisha. Vijana wakaanza kuvuka mto na kuchukua farasi na ng'ombe wa Wamormoni.

Mwaka 1870 alifika Meja John Wesley Powell, mpelelezi wa serikali aliyepoteza mkono wa kulia vitani mwaka 1862. Mwaka mmoja kabla alikuwa ameteremka Colorado kwa mashua, akipita katikati ya Grand Canyon. Watu wake watatu walichoka na hofu ya maporomoko, wakapanda kutoka korongoni, na hawakuonekana tena. Hamblin alimpeleka kwa Washivwits, tawi la Wapaiute, karibu na mlima Trumbull. Huko wenyeji walikiri: tuliwaua, tulidhani ni wachimba madini waliomuua mwanamke wetu. Powell alilala kati yao usiku ule bila kudhurika. Wapo wanahistoria wanaotilia shaka kwamba Washivwits ndio waliowaua, lakini Powell aliyakubali maneno hayo, na aliyeyatafsiri alikuwa Hamblin.

Kutoka hapo wawili hao walivuka mto kwa mashua na kwenda mpaka Fort Defiance, ambako Wanavajo walikuwa wamekusanyika kwa maelfu kupokea mgao wa serikali. Hamblin alikaa na wakuu wao, akiwemo Barboncito, na mwezi wa Novemba 1870 wakakubaliana kuacha uvamizi. Badala yake Wanavajo wangevuka mto kwa amani kubadilishana mablanketi yao na farasi. Biashara hiyo ikashika.

Aliporudi aliongozana na Mhopi mmoja aitwaye Tuvi, pamoja na mkewe. Kwa mapokeo ya Wahopi kuvuka mto ule halikuwa jambo dogo, na Tuvi alisali ukingoni akanyunyiza unga mtakatifu majini kabla ya kuvuka. Huko Utah walionyeshwa kiwanda cha pamba cha mji wa Washington, karibu na St. George. Tuvi, ambaye alisokota uzi kwa vidole maisha yake yote, alisema sasa ameharibikiwa, hataweza tena kuwa Mhopi. Mkewe alisimama mbele ya kinu cha maji akatazama unga ukimiminika, akasikitika kwamba wanawake wa kwao wanataabika hivyo kwa unga kidogo. Mama yeyote aliyewahi kusaga mtama kwa jiwe ataelewa sikitiko hilo. Mji wa Tuba City, Arizona, unaitwa kwa jina la Tuvi.

Amani ya Fort Defiance ilijaribiwa karibu kuvunjika. Majira ya baridi ya 1873 hadi 1874, vijana wanne wa Kinavajo walikwenda Utah kufanya biashara, dhoruba ya theluji ikawazuia katika Grass Valley, wakachinja mnyama wa mfugaji kwa njaa. Mwenye ranchi, ambaye hakuwa Mmormoni, akawashambulia na wenzake. Watatu waliuawa. Wa nne alijikokota kwao akiwa na jeraha na kusema: Wamormoni wametuua.

Hamblin alitumwa kwenda kueleza ukweli. Njiani mwanawe alimfikia na barua ya kumsihi arudi. Hakurudi. Ndugu wawili wasio wa dini yake walijitolea kufuatana naye, na watatu hao wakaingizwa katika nyumba ya Wanavajo, zile za magogo na udongo zenye mlango mmoja, wakakalishwa upande wa ndani. Wanavajo 24 waliketi kati yao na mlango. Katikati moto uliwaka, na alielezwa bila kuficha kwamba huenda akachomwa kwenye makaa yale. Mkalimani wa Kipaiute alitetemeka kwa hofu.

Saa zilipita. Yule majeruhi aliletwa, vidonda vyake vikafunuliwa, hasira ikapanda. Hatimaye walitaja diya: ng'ombe 100 kwa kila marehemu na 50 kwa majeruhi, jumla 350. Desturi hiyo inaeleweka hata kwetu, na mtu mwingine yeyote angekubali ili atoke mzima, halafu akajisahaulisha. Hamblin alikataa. Alisema watu wake hawakutenda jambo hilo na kulipa ingekuwa kukiri. Tumeni mtu wenu mnayemwamini, aliwaambia, aje aone mahali penyewe. Hakuinua sauti. Mmoja wa wale ndugu aliandika baadaye kwamba hakuona dalili yoyote ya hofu kwake usiku ule. Wakawaachia. Msimu wa kuchipua uliofuata mkuu wa Kinavajo, Hastele, alikwenda Utah, akapelekwa hadi Grass Valley, akayaona mambo kwa macho yake na kuridhika.

Kwa hivyo njia ikawa wazi. Kwenye kivuko ambacho Hamblin alikionyesha, penye mto Paria, Lee yule yule wa Mountain Meadows aliweka mashua mwaka 1872 hadi 1873 alipokuwa akijificha, na pakaitwa Lee's Ferry. Familia za Kimormoni zikamiminika kwenda Arizona na magari yao. Baada ya hekalu la St. George kukamilika mwaka 1877, wachumba wa Arizona walisafiri njia hiyo kwenda kufungishwa ndoa, hata ikaitwa Njia ya Fungate. Kivuko kilifanya kazi mpaka mwaka 1928, kilipozama na kuua watu watatu. Leo msafiri huvuka kwa daraja la Navajo, lililofunguliwa mwaka 1929, mita 142 juu ya maji. Lile la zamani limeachiwa waenda kwa miguu, na la pili la magari lilijengwa kando yake mwaka 1995. Ukiinama kutazama chini utaona mashua za mpira za watalii zikianza safari ya Grand Canyon, ndogo kama mbegu za tikiti.

Na waliomfundisha Hamblin zilipo chemchemi? Twende Pipe Spring, kilomita 30 hivi magharibi ya mji wa Kanab, mji ambao Hamblin alisaidia kuuanzisha na alikoishi miaka mingi. Hadithi maarufu ni kwamba jina hilo lilitokana na nduguye William, mlenga shabaha stadi, aliyepasua kiko kwa risasi hapo. Wapaiute walitumia maji ya chemchemi hiyo kwa karne nyingi. Miaka ya 1870 hadi 1872 kanisa lilijenga ngome ya mawe kulinda ng'ombe wa zaka. Ngome hiyo ilijengwa juu ya chemchemi yenyewe, kuta zikaizunguka. Asiyeruhusiwa kuingia ndani hana maji.

Ng'ombe nao walikula nyasi. Wapaiute hawakuwa wafugaji. Chakula chao kikubwa kilikuwa mbegu za nyasi na alizeti zilizoota zenyewe, walizovuna kwa vikapu. Nyasi hazikuachwa kutoa mbegu tena. Mwaka 1880 Hamblin alimwandikia Powell, ambaye wakati huo alikuwa mtu mkubwa Washington, akamweleza kwamba chemchemi zimekaliwa na wazungu, kwamba mahali palipokuwa na mbegu tele sasa pamekwisha kwa mifugo, na kwamba watu hawa wana njaa, wapewe msaada. Majibu yaliyorudi yalikuwa kwamba ni bora wahamie kwenye maeneo yaliyotengewa makabila, yale ambayo wazee wetu chini ya Mwingereza waliyajua kwa jina la rizavu.

Mimi nadhani barua hiyo ndiyo kitu kikubwa alichokiandika, kushinda kitabu cha maisha yake kilichochapishwa mwaka 1881. Asingekuwa mwaminifu, walowezi wasingeingia kwa urahisi ule. Kila neno alilotimiza kwa Wapaiute na Wanavajo lilifungua njia kwa gari jingine na kundi jingine la ng'ombe. Alijua. Alikuwa mmoja wa wachache waliokiri jambo hilo kwa kalamu wakati ng'ombe bado wanaongezeka.

Miaka yake ya mwisho ilikuwa ya kuhamahama. Maofisa wa serikali walikuwa wakiwakamata wanaume wenye wake wengi, naye akawa anajificha kati ya Arizona, New Mexico na Mexico. Alifariki kwa malaria huko Pleasanton, New Mexico, tarehe 31 Agosti 1886, akiwa na miaka 67. Miaka miwili baadaye mwili wake ulihamishiwa Alpine, mji mdogo wa milimani mashariki ya Arizona, na kaburi lake liko hapo.

Wapaiute wa Kaibab walitengewa ardhi kuizunguka Pipe Spring mwaka 1907. Mwaka 1923 serikali iliifanya ngome yenyewe mnara wa kumbukumbu wa taifa, na ugomvi wa maji ukazuka upya kati ya kabila, wafugaji na watunza mnara. Ulimalizwa mwaka 1933 kwa kuigawa chemchemi mafungu matatu, thuluthi moja kwa kila upande. Mgeni akizuru siku hizi hupokelewa katika jengo ambalo kabila na idara ya mbuga za taifa wanalitumia kwa pamoja, kisha huonyeshwa ngome, na katika chumba kimoja husikia maji yakipita kwenye mfereji, ingawa yamepungua sana kuliko zamani.